Barua kwa mwanangu Baraka: hiyo milioni mbili usiitoe

Mwanangu Baraka,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma nikaurudia. Umeandika mistari mitano ya mizigo, betri na basi la Mpanda, halafu katikati ukachomeka kimstari kimoja kwamba yule bwana wa ofisini anataka milioni mbili "za kusukuma faili" la leseni yenu ya minara ya intaneti, na mwenzako anasema mtoe yaishe. Jicho langu limebaki hapo. Usiitoe, baba. Nimeona niandike badala ya kupiga, maana kwenye simu unaniambia "sawa mama" kabla sijamaliza.

Ile picha ya Mo Ibrahim uliyoibandika ukutani bado ipo. Wewe na wenzako mnamtaja kwa kile kiasi tu, dola bilioni tatu na milioni mia nne ambazo kampuni yake ya simu za mkononi, Celtel, iliuzwa kwa Wakuwaiti mwaka 2005. Mimi nataka umwangalie kabla ya hapo, kwa sababu jambo linalokukaba wewe leo lilimkaba na yeye, na namna alivyojipanga ndiyo iliyomwokoa.

Alizaliwa Sudan mwaka 1946, Mnubi, akakulia Misri. Uhandisi wa umeme aliusomea Alexandria, akarudi kwao kufanya kazi kwenye shirika la simu, ndipo akaenda Uingereza: shahada ya pili Bradford, ya uzamivu Birmingham, na utafiti wake ulikuwa juu ya mawasiliano ya simu za mkononi wakati simu zenyewe hazijafika mikononi mwa watu. Mwaka 1983 akaingia Cellnet, upande wa simu za mkononi wa British Telecom, akawa mkurugenzi wa ufundi. Alitoka 1989, ana miaka 43. Wewe una 26 na umeshaacha kazi. Sikulaumu kwa kuacha, nilikulaumu kwa kuniambia baada ya kuacha.

Na alipotoka hakukimbilia kujenga minara. Alianza na kampuni ya ushauri, MSI, akiiendeshea nyumbani kwake. Kazi yao ilikuwa kupanga mtandao kabla haujajengwa: mnara ukae kilima gani, uwe na urefu gani, utumie masafa yapi, yaani mawimbi gani ya redio, ili usigombane na jirani yake. Masafa ni machache, lazima yarudiwe, na minara miwili iliyo karibu ikitumia masafa yaleyale wateja wa pande zote mbili wanasikia mikwaruzo na simu zinakatika. Walitengeneza programu ya kompyuta ya kupiga hesabu hizo, wakawauzia wenye mitandao. Biashara hiyo haikuhitaji jenereta wala ekari ya ardhi, ilihitaji vichwa. Hadi inauzwa kwa Marconi, kampuni ya Uingereza, mwaka 2000, kwa dola zinazokaribia milioni 900, ilikuwa na wafanyakazi kama 800, na wao wenyewe walikuwa na hisa ndani yake. Celtel aliianza 1998, akiwa tayari ana kisima kingine cha kuchota. Shika hilo, nitalirudia.

Kilichomleta Afrika unakijua. Leseni zilikuwa zinatolewa kwa bei ya chini na wakubwa wa Ulaya hawazitaki. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kuhusu mkubwa mmoja wa kampuni ya simu aliyeikataa Uganda akisema hawezi kuiambia bodi yake waende kwenye nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa ameshaondoka tangu 1979! Hapo ndipo ninapomheshimu: aliona kwamba hofu ya watu ilikuwa kubwa kuliko hatari yenyewe. Na hapo ndipo ninapokuheshimu wewe pia, kwa sababu wakati wenzako wote wanagombania Kinondoni, wewe umetazama Katavi. Baba yako angekuwepo angezunguka mtaa mzima kutangaza.

Sasa sikiliza la rushwa. Alijua kila leseni, kila kiwanja, kila kontena bandarini lina mtu wa kuomba chai. Kwa hiyo bodi iliweka sheria mapema: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 hayatoki mpaka bodi iyaidhinishe. Mkurugenzi aliyeko nchini akibanwa, anajibu kwa ukweli mtupu kwamba hana mamlaka ya kutoa hela hiyo, na ombi lazima liandikwe lipelekwe kwenye kikao cha wazee wale. Nani atakubali jina lake liandikwe? Sheria ile iliwakinga vijana wake kabla hata ya kuikinga hela.

Wewe huna bodi, lakini mko watatu. Kaeni leo, kabla hamjapanda basi, mwandike karatasi moja: malipo yoyote yanayozidi laki moja yanasainiwa na wote watatu, na risiti inabandikwa. Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya kumbukumbu tu, iliyotoka kwenye mfumo, hayapiti mkononi wala kwenye simu ya mtu. Ukienda ofisini usiende peke yako. Barua zako peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo, uandike na namba ya faili. Ikipita wiki mbili kimya, andika ukumbusho ukitaja tarehe ile na namba ile, nakala kwa bosi wake. Faili ambalo lina karatasi tatu zenye mihuri ni gumu kupotea. Akiendelea kukaza, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

Najua utakachosema: mama, kusubiri nako kuna gharama. Ni kweli, na nimeipigia hesabu. Marejesho ya mkopo laki tisa na nusu kwa mwezi. Vijana wawili laki nne kila mmoja, hiyo ni laki nane. Chumba cha ofisi laki mbili na nusu. Jumla milioni mbili kamili. Kwa hiyo mwezi mmoja wa kukaa bure ni sawasawa na hongo yake, na kama faili likikaa miezi mitatu, kwa hesabu ya haraka unaona heri utoe. Ndiyo maana mwenzako anasema yaishe. Simwoni mtu mbaya, namwona mtu anayeogopa tarehe ya marejesho.

Mo Ibrahim benki zilimkatalia. Celtel kwa sehemu kubwa ilijengwa kwa mtaji wa wenye hisa, na mwenye hisa anasubiri pamoja nawe, hakugongei mlango tarehe tano. Na kile kisima cha MSI nilichokwambia ulishike kilikuwa nyuma yake. Mtu mwenye namna ya kusubiri anaweza kusema hapana. Wewe umechukua milioni kumi na nane kwa dhamana ya hati ya nyumba ya mjomba wako Elia, tena mkopo umeanza kukimbia kabla leseni haijatoka. Hapo ndipo ulipokosea, Baraka, na kosa lenyewe bado linarekebishika. Nenda kwa waliokukopesha, waambie marejesho yaanze miezi mitatu mbele, uongezewe mwishoni. Vijana wale mmoja mchukue sasa, mwingine mwambie asubiri leseni. Ofisi achana nayo, faili halihitaji ofisi ya kioo. Ukifanya hivyo mwezi wa kusubiri unashuka mpaka laki nne, na laki nne naweza kuchangia kutoka kwenye alizeti.

Ukitoa hiyo hela leo, mwakani atarudi, kwa sababu leseni inahuishwa na kila mnara mpya una faili lake. Na safari hiyo atakuwa na kitu cha kukutishia nacho.

Mimi siyo mtu wa kusema sana juu ya hili. Hati ya kiwanja tunachokalia ilitoka kwa haraka kuliko za majirani, na ulikuwa mkubwa wa kutosha kuona. Nami ndiye niliyekuwa nakwambia mjini lazima uwe mjanja. Maneno hayo yaache.

Nirudi kwenye minara. Nimeshika vitabu vya dizeli miaka ya kutosha kujua pesa inavujia wapi, na Celtel ilipokuwa ikijenga Congo palipokosa barabara na umeme, kila mnara ulilazimika kujitegemea namna hiyo. Jenereta dogo la mnara linakunywa kama lita mbili na nusu kwa saa. Kwa siku ni lita sitini, kwa mwezi 1,800, mapipa tisa. Linataka kubadilishiwa oili na filta kila saa 250, na saa 250 kwa jenereta lisilozimwa ni siku kumi tu. Ndiyo maana mnara wa porini unawekewa mawili yapokezane. Wewe umechagua sola na nakubaliana nawe, lakini hilo jenereta moja la akiba usimwachie mtu bila daftari. Andika vitu vitatu kila ziara: mita ya saa inasomaje, fimbo ya kupimia imelowa hadi wapi, na lita zilizojazwa. Mita ikionyesha limekwenda kwa saa kumi na tangi limepungua lita arobaini, kuna lita kumi na tano zimetembea. Na usiamini fimbo peke yake, wapo wanaotumbukiza mawe kwenye tangi ili kimo kionekane, na wapo wanaoongeza maji. Maji yanakaa chini, kwa hiyo fungua koki ya chini kidogo kwenye chupa safi, uache itulie, utayaona.

Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, zitakufa mapema. Waya wa shaba wa kushusha radi utaibiwa, weka bapa la chuma lenye zinki, lifukiwe na sehemu ya juu izungushiwe zege. Kipimo cha jinsi udongo unavyoupokea umeme wa radi (kinasomwa kwa omu, namba ndogo ndiyo nzuri) kifanye mwezi wa kumi udongo ukiwa mkavu kabisa. Ukipata omu tano wakati huo, masika utakuwa salama. Mafundi wanapenda kupima mvua ikinyesha kwa sababu namba inatoka nzuri.

Na usikopeshe intaneti. Celtel na wenzao waliuza kwa vocha ya kukwangua, mteja analipa kwanza ndipo anaongea, hivyo hata asiye na akaunti ya benki wala anwani aliingia, na kampuni haikuwa na wadeni. Nyumba za wageni zitakuomba ulipwe mwisho wa mwezi. Kataa, wauzie ya wiki.

Kitu kingine chake ninachokipenda ni cha Kinshasa na Brazzaville. Miji miwili inatazamana, mto katikati, na simu kutoka mmoja kwenda mwingine ilikuwa inapanda setilaiti na kuzunguka Ulaya kabla ya kufika ng'ambo, kwa bei ya kutisha. Celtel ikavusha mawimbi moja kwa moja juu ya mto. Setilaiti ya aina hiyo iko kilomita 36,000 juu, sauti ikienda na jibu likirudi nusu sekunde imepotea, watu wanaingiliana maneno. Mwaka 2006, kampuni ikiwa imeshauzwa, wakafanya vivyo hivyo kwa Kenya, Uganda na Tanzania: mteja akivuka mpaka anapiga kwa bei ya wenyeji, anapokea bure, anajaza vocha ya pale pale. Tazama ramani yako ya Katavi kwa jicho hilo. Vijiji gani vinatazamana lakini data yao inazungukia Dar?

Sitaki umfanye malaika. Hapa kwetu Celtel na wenzao waliponunua hisa za TTCL, kampuni ya simu ya taifa, mwaka 2001, malipo yake yalizua mgogoro na serikali, na watu wazima wa simu bado wanabishana nani alikuwa na haki. Lakini baada ya kuuza hakwenda kulala. Alianzisha taasisi yake 2006, na tuzo ya viongozi wanaotawala vizuri na kuondoka kwa katiba: dola milioni tano kwa miaka kumi, kisha laki mbili kila mwaka maisha yote. Wa kwanza alikuwa Chissano wa Msumbiji, 2007. Kamati iliongozwa na Kofi Annan, baadaye na Dk. Salim Ahmed Salim wetu, na miaka mingi walikaa wakasema safari hii hakuna anayestahili, hela ikabaki. Bodi ya kampuni ilizuia hela kutoka, na kamati ya tuzo nayo ilizuia. Huyo ndiye mtu aliye ukutani kwako, na ndiyo maana nakuuliza: ukitoa hiyo milioni mbili, picha niiache au niibandue?

Ya nyumbani si mabaya. Tenki la juu limepasuka tena pale pale fundi alipoziba, safari hii nanunua jipya la lita elfu moja. Zawadi anaanza mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, mpigie jioni si usiku. Mjomba Elia hajui habari ya faili na sijamwambia, utamwambia mwenyewe, ni hati yake. Mbuzi mweupe amezaa wawili.

Basi lako likisimama stendi ya Singida utamkuta Zawadi na madumu mawili ya mafuta ya alizeti, lita ishirini ishirini, na lile blanketi la bluu, asubuhi za Mpanda mwezi wa sita zina baridi. Kizibo cha dumu moja kinavuja, mwambie kondakta asililaze. Na ile karatasi ya saini tatu mkiishaiandika, nipigie picha unitumie kabla hamjafika Tabora.

Mama yako