Kuhusu ile ripoti ya MRI

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, shoga yangu. Barua yako nimeipata, na nimeona ulivyoyapigia mstari yale maneno: "utando umenenepa" na "kivimbe kidogo, sinasi ya shavu la kulia". Ulipigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kwa ajili ya kichwa kuuma, ubongo ukakutwa salama, na sasa hulali kwa kuiwazia pua. Nakuelewa. Lakini kusoma picha za vichwa ndiyo kazi yangu ya kila siku, basi nisikilize.

Sinasi ni vile vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso. Vimetandwa utando laini unaotoa kamasi, na utando wa puani na wa vyumba vilivyo kati ya macho hautulii: huvimba upande mmoja, ukanywea, kisha ukahamia wa pili, kwa zamu za saa chache, hata kwa mtu asiyeumwa. Ndiyo maana watu wanaoletwa kwangu kwa kuanguka au kwa kifafa, pua zao hazina neno, nawakuta mara kwa mara na utando ulionenepa milimita mbili tatu. Hicho kivimbe nacho, kwa jinsi kilivyoandikwa, ni cha mviringo, kingo zake laini, kimekaa sakafuni mwa chumba cha shavu kama kuba. Ni tezi ya kamasi iliyoziba njia yake. Wengi huishi navyo bila kujua, na vingine hutoweka vyenyewe. Si saratani.

Halafu ulikuwa na mafua wiki ile, uliniandikia mwenyewe. Mwaka 1994 Gwaltney na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa watu 31 wenye mafua ya kawaida waliopigwa CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka: 27 walikutwa na kasoro kwenye sinasi za mashavu. Wachache wao wakapigwa tena baada ya wiki mbili hivi, bila antibayotiki yoyote, na wengi wao walikuwa wamesafika au wamepata nafuu kubwa.

Kwa hiyo kinachoniudhi ni ile karatasi ya dawa. Umeandikiwa antibayotiki kwa picha tu, bila kuulizwa kama pua imeziba, kama unatoka kamasi nzito, kama uso unauma au husikii harufu! Uvimbe sugu wa sinasi hutambuliwa kwa dalili hizo zinapodumu wiki 12 au zaidi, ndipo picha ithibitishe. Kabla hujaanza dozi, rudi ukamwulize daktari anatibu dalili gani.

Sikuambii upuuze. Ripoti ingesema chumba cha upande mmoja kimejaa pote, au mfupa umelika, ningekuhimiza uende upesi kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ndivyo hivyo ukitokwa damu tundu moja la pua kila mara, shavu likifa ganzi, au jicho likivimba. Na lile gego la juu kulia unalolikwepa ukitafuna, lionwe na daktari wa meno. Mizizi ya magego hayo inapakana na sakafu ya chumba cha shavu, na jino bovu huweza kuuchokoza utando wa upande uleule.

Kichwa chenyewe kisisahaulike. Maumivu yanayokuja na kichefuchefu na kuuchukia mwanga hayaelezwi na kivimbe hiki. Mtajie daktari kipandauso, mlizungumze hilo kwa kina.

Nitumie diski yenye picha zote, ripoti peke yake hainitoshi. Nataka kuiona mizizi ya gego hilo.

Rafiki yako akupendaye,
Saida