YAH: Malalamiko kuhusu seva mliyoniuzia na dharau ya fundi wenu

Ndugu Meneja,

Salamu. Masharti yenu ya mauzo mnayajua, sina haja ya kuwasomea.

Kwenye oda niliandika wazi: seva ya kufanya kazi ya ruta, prosesa ya kori 8 (yaani vitengo 8 vya kuchakata kazi), na kadi ya mtandao yenye chipu ya Intel i350, ambayo kila mlango wake una foleni 8 za kupokea pakiti (vipande vya data), ili kila kori ipate foleni yake. Mmeniletea kadi ya foleni moja. Trafiki ikipanda, kori moja inagonga asilimia 100, saba zimekaa tu, na pakiti zinapotea. Kori nane nilinunua za nini?

Nilimfungulia fundi wenu /proc/interrupts, faili la Linux linaloonyesha kila kori imepokea makatizo mangapi (ishara za kifaa kuiita prosesa), nikamwonyesha kwa kidole kwamba makatizo yote ya kadi yanaangukia CPU0, yaani kori ya kwanza. Hakutazama hata skrini. Alicheka, kisha akasema mbele ya wateja: "Mzee, nunua prosesa kubwa zaidi. Foleni ni za benki."

Na kabla ya hapo mtu wenu wa mauzo alishanithibitishia i350 kwa maandishi! Baadaye mkaniambia niwashe RPS, njia ya Linux ya kugawia kori nyingine pakiti kwa programu. Naifahamu. Linux itagawa pakiti, sawa, lakini katizo bado linapokelewa na kori ileile moja kwanza. Hiyo ni nafuu ya asiye na la kufanya. Mimi nililipia foleni 8.

Narudia, maana nadhani uzito wake haujawafikia. Seva imewashwa pale kaunta, ushahidi uko kwenye skrini, na kijana mliyemvika sare yenu ananicheka: foleni ni za benki! Wateja nao wakacheka. Msimamizi wake alikuwepo, akainamia simu yake.

Naomba mnibadilishie kadi, kwa gharama zenu. La, hapana: kadi pamoja na barua ya kuomba radhi, yenye saini yako mwenyewe na si ya huyo msimamizi. Siku 7 zikipita kimya, sitaki tena kadi. Nitarudisha seva nzima na kudai fedha zangu zote, na oda, uthibitisho wa mauzo na picha za skrini nitavipeleka kwa wanaolinda haki za walaji, kisha kwa wakili. Nakala nimeziambatanisha.

Wako, kwa sasa,
Mteja