Barua ya wazi kwa vijana wa Temeke mnaokwenda kwa makontrakta wa migodi

Wanangu,

Wengi wenu mmetoka VETA Chang'ombe na vyeti vya ufundi mitambo, umeme na uendeshaji wa mitambo mizito, na sasa mnaitwa Geita, Kahama na Tarime. Hongereni sana. Lakini kabla hamjapanda basi pale Mbezi, jueni kwamba mwajiri wenu ni kontrakta, si mgodi. Kontrakta ana zabuni ya kuchoronga, kulipua, kubeba mawe au kutunza mitambo, na kila zabuni ina mwisho wake. Ikihamia kwa mwingine, au mgodi ukifika ukingoni kama Buzwagi mwaka 2021, kofia na beji mtarudisha. Mtakachobaki nacho ni karatasi zenu na miili yenu.

Mkipewa mkataba, tafuteni kwanza mshahara wa msingi. Posho za nyumba na usafiri hunenepesha jumla, lakini saa za ziada hupigwa kwenye msingi. Gawanya msingi wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa 45, yaani saa za kazi za wiki, upate wa saa. Mwenye msingi wa shilingi 900,000 ana kama shilingi 4,616 kwa saa, na saa yake ya ziada haipaswi kupungua mara moja na nusu, yaani kama 6,924. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Kwa kawaida siku ya kazi haizidi saa 9. Zamu ya saa 12 isiyohesabiwa ziada inahitaji makubaliano ya maandishi. Ombeni kuyaona, pamoja na rosta.

Hapa pana mtego unaowaumiza wengi. Malipo ya kuachishwa kazi, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hayamhusu mtu ambaye mkataba wake umeisha kwa muda wake. Kwa hiyo, kama mnasaini mkataba wa miaka miwili, kiinua mgongo cha mwisho wa mkataba kiandikwe humo humo. Ahadi ya mdomo ya ofisa wa rasilimali watu huondoka naye akihamishwa.

Hati ya mshahara itunzeni kila mwezi, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iangalieni kwenye akaunti zenu kila baada ya miezi mitatu, si siku ya kudai. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia au kuugua kazini, huchangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona makato yake kwenye hati yako, uliza siku hiyo hiyo.

Sasa afya, na hapa naomba mnisikilize sana. Kabla ya kuanza kazi utapimwa mapafu na masikio. Omba nakala ya majibu, uiache nyumbani kwa mama. Vumbi la mwamba lina silika, madini magumu yenye chembe ndogo sana. Hukwaruza mapafu polepole, na kovu lake halina dawa. Kelele za mtambo wa kuchoronga huua usikivu bila maumivu. Bila kipimo cha mwanzo, baada ya miaka sita utathibitishaje kwamba ulikwenda mzima? Ukiondoka, dai kipimo cha kutokea pia. Kazini, usichoronge pakavu maji yanapokatika, na barakoa isiyobana shavuni haizuii chochote, hivyo ndevu nyoeni.

Mafundi, kufuli ya kufungia swichi ya mtambo unapotengenezwa ni ya mtu mmoja na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Kuzima swichi hakutoshi: shusha boom, yaani mkono wa mtambo, toa presha ya haidroli, kisha jaribu kuwasha uone kama kweli mtambo umekufa. Kwenye matairi pacha ya dampa, toa upepo wa yote mawili kabla ya kulegeza nati hata moja. Rimu iliyopasuka ikiwa na presha huruka na kuua aliye mbele yake.

Madereva, kutoka Dar hadi Geita ni zaidi ya kilomita 1,000. Msitoke mapumzikoni na kushuka basi mkaingia zamu ya usiku. Fikeni siku moja kabla, mlale. Na pombe ya jioni hubaki mwilini hadi kipimo cha getini asubuhi.

Ukiachishwa na unaona umeonewa, baada ya kutimiza miezi sita kazini, una siku 30 kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu CMA F.1. Usikimbilie nyumbani kwanza. Shauri hufunguliwa ofisi ya eneo ulikofanyia kazi, na wengi hurudi Mbagala kutafuta ushauri, wakija kuambiwa warudi Geita siku zimeshakwisha.

Mzee wenu,
Tandika, Dar es Salaam