Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mabango, wazee wetu na vijana wa karakana,

Ya kawaida mnayajua. Tulikutana mara 9, mafunzo ya Jumamosi yaliendelea, mabango ya wanariadha wetu Cheptegei na Chemutai yaliuzwa vizuri, na wakati wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mwezi Agosti mashine za Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, hazikupoa hadi Senegal ilipoitoa Uganda yetu robo fainali pale uwanja wa Namboole. Mapato shilingi 6,850,000, matumizi 6,410,000. Mahesabu anayo mweka hazina.

Sasa bango la Akii-Bua, mkimbiaji wetu wa mbio za viunzi, maana nimesemwa sana. Ni kweli nilizuia karatasi 300 zilizokwisha kuchapwa zisiuzwe, sahani za kuchapia zikatengenezwa upya. Hasara ni shilingi 720,000. Niliamua peke yangu. Mashine ilikuwa inachapa, na kamati ingeitwa leo ikafika kesho kutwa.

Mchoraji wetu alimweka Akii-Bua katikati, wapinzani kulia na kushoto. Picha ilipendeza, sikatai. Lakini Munich mwaka 1972 Akii-Bua alikimbia njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambako kona hubana na mruka viunzi hutaabika kushika hatua zake. Kutoka huko aliruka viunzi vyote 10 akamaliza mita 400 kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48, akailetea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ukimhamisha njia, umemnyang'anya sehemu ya ushindi wake. Kwenye bango la sasa kushoto kwake hakuna mtu: ni mstari mweupe, kisha nyasi. Kijani kile nilikichanganya mwenyewe, mara tatu, mpaka kikakubali.

Wengine walisema hakuna mteja anayehesabu njia. Wiki ya pili mzee mmoja alisimama kibandani, akaweka kidole juu ya ule mstari mweupe, akasema, "Hapa. Ndani kabisa." Alinunua mawili. Mabango ya timu yaliyobaki baada ya Agosti bado yamefungwa kwa kamba stoo. Ya Akii-Bua yamebaki 40 tu kati ya 500.

Nilipoitisha mkutano wa dharura kueleza haya, walikuja watu 11. Chama kina wanachama 64. Waliolalamika zaidi sikuwaona. Na ada, ndugu zangu, ni shilingi 30,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 23. Kodi ya stoo ya miezi miwili niliitoa mfukoni mwangu, na risiti ninazo.

Kuhusu mbele, AFCON ya 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu Uganda, Kenya na Tanzania. Tunatumaini kupata mashine yetu, na labda maonyesho ya mabango, Mungu akipenda.

Mweka hazina ameketi karibu na mlango na daftari la ada liko wazi. Tafadhali mpitieni kabla ya chai.

Mwenyekiti