"Damu chafu" ni ugonjwa gani?

Mhariri,

Nafanya kazi maabara, na kila wiki kuna anayesimama dirishani akaniambia, "Nimeambiwa damu yangu chafu." Karatasi mkononi, kidole kimeganda kwenye herufi H. Nikimuuliza aliyemwambia alikuwa na maana gani, anabaki kunitazama. Katika mistari yote inayochapwa na mashine ya picha kamili ya damu, sijaona hata mmoja ulioandikwa uchafu.

Mashine inahesabu chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), inapima hemoglobini (protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu) na ukubwa wa chembe nyekundu. Basi. Sukari haimo, VVU havimo, kundi la damu halimo. (Na hapana, hukulazimika kuja na njaa.)

H ni juu ya kiwango, L ni chini. Lakini viwango vyenyewe kwa kawaida hupangwa kwa kupima watu wazima wa afya na kuchukua asilimia 95 walio katikati, kwa hiyo katika kila watu 100 wasioumwa, kama 5 hivi wataangukia nje ya mstari. Ukiwa na vipimo ishirini kwenye karatasi moja, kimoja kuteleza kidogo si habari ya kumnyima mtu usingizi.

Namba hizi husomwa kwa pamoja. Wagonjwa wawili wote wana hemoglobini 9, wote wamepungukiwa damu. Wa kwanza chembe zake nyekundu ni ndogo: mara nyingi amekosa madini ya chuma, ingawa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, nayo huleta sura hiyohiyo. Wa pili zake ni kubwa kupita kiasi: hapo daktari atawaza vitamini B12 au foleti. Ukiwapa wote vidonge vya chuma kwa sababu tu "damu imepungua", huyo wa pili umempotezea miezi.

Tena namba yenyewe huweza kudanganya. Juzijuzi mashine ilitoa chembe sahani 60,000, wakati kiwango huanzia 150,000. Mama wa watu alikuwa hana jeraha wala doa la damu kwenye ngozi. Niliweka tone kwenye kioo, nikachungulia kwa hadubini: chembe sahani tele, zimeshikana mafungumafungu kwa sababu ya dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, na mashine haikuzitambua. Tulimtoa damu upya kwenye chupa yenye sitrati, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, zikasomeka zaidi ya 200,000. Alikuwa ameshawapigia simu ndugu zake.

Wenzangu wa vyumba vya daktari, tajeni kilichopanda au kilichoshuka kwa jina lake. Nanyi wagonjwa, karatasi ya mwaka jana msiitupe. Hemoglobini 12.5 kwa mwanamke inaonekana salama mpaka ilazwe kando ya ile ya zamani iliyosoma 15.

Mtaalamu wa maabara