Video ya laana na herufi zilizofichwa

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu "video za laana" za zama za mwanzo za intaneti, zile zinazosemekana kuua kompyuta ya kila aliyezitazama. Mimi ni fundi wa kompyuta tangu enzi za disketi, na nimeletewa mashine nyingi ambazo wenyewe waliapa kwamba zimerogwa na video. Hadithi ni tamu, sikatai. Ila mwandishi wenu ameruka penye utamu zaidi: jina la faili.

Windows ya miaka ile, isipobadilishwa mpangilio, ilificha herufi za mwisho za jina, zile zinazoonyesha faili ni la aina gani. Mtu alipakua kupitia Kazaa au LimeWire, programu za kugawana mafaili, kitu kinachoishia .avi.exe (.avi ni ya video, .exe ni ya programu), kwenye skrini akaona .avi tu, tena kimevikwa alama ya filamu. Akabofya. Picha haikutokea, na kuanzia hapo mashine ikaanza vituko. Yeye akaenda kusimulia kwamba ametazama video, kumbe amewasha programu. Hila hiyohiyo ndiyo iliyokibeba kirusi cha ILOVEYOU mwezi Mei 2000: kiambatisho kilionekana kuishia .TXT, barua ya mapenzi ya kawaida, huku .vbs, alama ya programu, ikiwa imefichwa nyuma yake. Kilifuta picha za watu na kuzificha nyimbo zao za MP3. Halafu zikaja programu hasidi kama Zlob: video haifunguki mpaka usakinishe kodeki, yaani programu ya kuchezeshea video, na kodeki yenyewe ndiyo hasidi.

Sisemi video zote zilikuwa safi. Mwaka 2005 yalionekana mafaili ya Windows Media ambayo, yakijifanya kutafuta leseni, yaliwapeleka watu kwenye programu hasidi. Hata hapo palikuwa na mtu aliyetega, si jini.

Kilichonishikisha kalamu hasa ni aya yenu ya mwisho, inayomtaka msomaji amtumie onyo kuhusu video hizo kila anayemjua. Jamani! Mwaka 1994 onyo kuhusu barua pepe iitwayo Good Times lilizagaa kote, na kirusi chenyewe hakikuwapo. Mwaka 2002 onyo jingine liliwaambia watu wafute jdbgmgr.exe, faili lenye alama ya dubu mdogo. Wakalifuta, nalo lilikuwa faili halali la Windows. Waliosambaza onyo hilo walikuwa watu wema kabisa, na wao ndio walioifanya kazi ya kirusi.

Basi mkirudia mada hii, chapisheni jina la faili mpaka herufi ya mwisho, na mtaje nani alilichunguza. Mwandishi wenu akitaka kuona virusi vya zamani, Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilifungua makumbusho ya virusi hivyo mwaka 2016, vikiwa vimeondolewa sumu, kwa uteuzi wa Mikko Hyppönen, mtaalamu wa usalama wa kompyuta. Aanze na Cascade, ambacho huporomosha herufi na kuzirundika chini ya skrini.

Fundi kompyuta,
msomaji wenu wa siku nyingi