Usijaze manzuki kwa uzao wa mzinga mmoja

Ndugu Mhariri,

Mfugaji nyuki akipata mzinga mmoja wa asali nyingi, hushawishika kuugawa mara nne, mara tano, mpaka manzuki yote, yaani eneo lake la mizinga, ijae uzao wake. Huo ni mtego, hasa kwenye visiwa vidogo vya ziwa letu ambako madume wa nje ni wachache.

Malkia kijana huruka na kupandwa angani na madume 10 hadi 20, kisha hutunza mbegu zao tumboni maisha yake yote. Ndiyo maana vibarua, yaani nyuki majike wafanyakazi, wa mzinga mmoja ni wa mama mmoja, baba wengi. Mabinti wa dume huyu huvutwa zaidi na chavua, wa yule na mbochi, yaani maji matamu ya maua. Simama mlangoni saa 3 asubuhi: mmoja anatua na vifurushi vya njano miguuni, anayemfuata tumbo limejaa, miguu mitupu. Umri na mahitaji ya kundi vina nafasi yake, lakini damu nayo imo. Mwaka 2007 Heather Mattila na Thomas Seeley wa Marekani walilinganisha makundi ya baba mmoja na ya baba 15. Yenye baba wengi yalijenga masega na kuweka akiba haraka zaidi.

Ndugu wakipandana, hasara huanzia kwenye majana, yaani watoto wa nyuki walio masegani. Yai lililorutubishwa likirithi nakala mbili zilezile za jeni ya jinsia, hutoka dume badala ya kibarua, na vibarua humla punde tu anapoanguliwa. Toa sega la majana yaliyofunikwa karibuni, hesabu vyumba 100 vinavyopakana. Vitupu vikizidi 20, na hakuna buu aliyeoza wala harufu mbaya, shuku udugu.

Ili kupata damu mpya, tundika mizinga mitupu iliyopakwa nta, kilomita kadhaa kutoka manzuki, unase makundi mageni ya hapahapa Kanda ya Ziwa. Nyuki wa kutoka mbali waweza kuja na magonjwa.

Na jamani, tuache kukata masega ya madume, yale yenye vifuniko vilivyovimba! Dume huchukua siku 24 tangu yai mpaka kutoka chumbani, kisha wiki mbili hivi kukomaa. Basi gawa kundi pale tu mizinga mingine ina madume wanaoruka. Sehemu isiyo na malkia iachiwe sega lenye mayai, na isiguswe kwa wiki nne: mzinga ukisogezwa, malkia anayerudi kutoka kupandwa aweza kuingia kwa jirani na kuuawa.

Mfugaji nyuki,
Sengerema, Mwanza